Sanamaki ni Dawa, si Chai

Miongoni mwa mirathi tuliyoachiwa na wazee wetu hapa mwambao, iko dawa moja ambayo ni nadra kuikosa katika nyumba ya Kiislamu yenye mtu mzima ndani yake. Dawa hiyo ni sanamaki. Huwekwa mkebeni kando ya habasoda, uwatu na ubani, ikatolewa mtu afungapo choo au tumbo lijaapo baada ya karamu. Hapana aliye mgeni nayo. Lakini siku hizi nachelea kwamba jina lake twalijua kuliko tuijuavyo dawa yenyewe, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nasema hivyo kwa sababu sanamaki imetoka mkebeni. Imeingia katika vipakiti vya rangi rangi, vyenye picha za wanawake wembamba, ikapewa majina ya kuvutia: chai ya kupunguza unene, chai ya kusafisha tumbo, chai ya kuondoa sumu mwilini. Huuzwa madukani, huuzwa nje ya misikiti baada ya sala ya Ijumaa, na huuzwa kwa njia ya simu. Juu ya baadhi ya vipakiti hivyo huandikwa kuwa hii ni dawa ya Mtume, rehema na amani zimshukie, iponyayo kila maradhi isipokuwa mauti. Mteja akishasoma hayo huona hana haja tena ya kuuliza kiasi, wala muda, wala ni nani asiyefaa kuinywa. Huinywa asubuhi na jioni, mwezi baada ya mwezi, kama anywavyo chai ya maziwa.

Rai yangu ni hii, nami naitaja wazi tangu mwanzo: sanamaki ni dawa njema, na mwenye kuifanya chai ya kila siku haiheshimu dawa hiyo, wala hayaheshimu mafunzo yaliyoifikisha kwetu.

MMEA WENYEWE

Yafaa kwanza tuujue mmea. Sanamaki ni kijiti kidogo cha jamii ya mikunde, yaani jamii moja na kunde, mbaazi na ukwaju. Aghalabu kimo chake hakizidi mita 1. Vijani vyake hupangika viwili viwili juu ya kikonyo kimoja. Ni vyembamba, vina ncha, na rangi yake ni kijani kilichofifia. Maua yake ni ya manjano. Tunda lake ni kaka bapa, jembamba mfano wa kipande cha ngozi, lenye mbegu chache ndani. Hupenda jua kali, mchanga na mvua haba. Ndiyo maana makao yake ya asili ni nchi kavu kama vile Sudan, Misri, Somalia, Yemen na Hijazi.

Waarabu huuita mmea huo sana. Ule uliotoka upande wa Hijazi wakauita sana makki, yaani sana ya Makka, na ulimi wa Mswahili ukayaunganisha maneno mawili kuwa moja. Wazungu nao walilichukua neno lilo hilo la Kiarabu wakalifanya senna, kwani walijifunza matumizi ya dawa hiyo kutokana na matabibu wa Kiarabu. Mwaka 1753 mtaalamu wa mimea wa Sweden aitwaye Linnaeus aliupa mmea huo jina la Cassia senna. Mwaka 1768 Mwingereza Philip Miller akauita Senna alexandrina, kwa kuwa shehena za kutoka Sudan na Misri zilikuwa zikipitia bandari ya Iskandaria. Jina hilo la Miller ndilo litumiwalo na wataalamu hivi leo.

Basi tazama mambo ya majina yalivyo. Sisi twautaja kwa jina la Makka, na wataalamu wautaja kwa jina la Iskandaria, ambako haukuwa ukilimwa bali ukipakiwa tu. Na leo sehemu kubwa ya sanamaki iuzwayo duniani hulimwa Bara Hindi, hasa upande wa Tirunelveli katika jimbo la Tamil Nadu. Kwa hiyo neno Makka ndani ya jina hili ni historia, si hati ya forodha. Mwenye duka akikuapia kwamba majani yake yametoka Makka kwa kuwa yaitwa sanamaki, hajakupa ushahidi wowote. Nimewahi kuuziwa majani kwa kiapo cha namna hiyo katika duka moja hapa Mombasa, ilhali gunia lenyewe lilikuwa limepigwa mhuri wa Bara Hindi. Majani hayakuwa mabaya hata kidogo. Kiapo ndicho kilichokuwa kibaya.

MAFUNZO YA HADITHI

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ndilo hasa huwafanya wengi wetu waipende dawa hii. Imepokewa na Tirmidhi na Ibn Majah kwamba Bi Asma bint Umays aliulizwa na Mtume hutumia nini kulainisha tumbo. Akajibu kwamba hutumia shubrum. Mtume akamweleza kuwa hiyo ni dawa kali mno. Baadaye Bi Asma akatumia sana, na hapo ndipo Mtume alipoisifu, akasema maneno ambayo maana yake ni kwamba lau kungekuwa na kitu cha kuponya mauti, basi kingekuwa sana. Iko na hadithi nyingine katika Ibn Majah inayotuhimiza kutumia sana na sanut, na kueleza kwamba ndani yake mna ponyo la kila maradhi ila mauti. Hata hiyo sanut wanavyuoni wamehitilafiana: wako waliosema ni shibiti, na wako waliosema ni asali iliyowekwa katika kiriba cha samli.

Bi Asma huyu si mtu wa mbali nasi. Ni yule yule aliyehama na mumewe Jaafar bin Abi Talib kwenda Habash, akakaa miaka mingi katika bara letu hili la Afrika. Na hadithi yake ina fundisho ambalo wauza vipakiti hawalitaji. Fundisho lenyewe ni kwamba Mtume alimwondoa mwanamke kwenye dawa kali akamwelekeza kwenye dawa ya upole. Hakumwambia aizidishe ile aliyokuwa akiitumia, wala hakumsifu kwa kustahimili ukali wake. Aliutazama mwili wake akauonea huruma. Nasi leo twafanya nini? Twaichukua dawa ile ile ya upole, twaizidisha kiasi, twaizidisha siku, mpaka inakuwa kali kama hiyo shubrum iliyokatazwa. Kisha twasema twafuata sunna!

Najua watakuwapo watakaosema kwamba mwandishi huyu anayatia shaka maneno ya Mtume. Hasha. Mimi si mwanachuoni, lakini nasoma walivyoeleza wanavyuoni. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba kila ugonjwa una dawa yake, na dawa ikiafikiana na ugonjwa, mtu hupona kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Neno la kuzingatiwa hapo ni kuafikiana. Naye Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, alipoandika juu ya tiba ya Mtume hakutosheka na kuisifu sana kisha akaenda zake. Alieleza aina iliyo bora, alitaja vipimo vyake kwa dirhamu, na akasema kwamba kunywa maji yake yaliyochemshwa ni bora kuliko kuutumia unga wake. Mwanachuoni mkubwa kama huyo aliona hapana budi kutaja kipimo. Sembuse muuza vipakiti?

KAZI YAKE TUMBONI

Elimu ya leo nayo imeeleza vizuri namna dawa hii ifanyavyo kazi, na maelezo hayo ndiyo yanayotufungua macho. Ndani ya majani na makaka ya sanamaki mna vitu viitwavyo sennosaidi. Mtu akiinywa, vitu hivyo hupita katika mfuko wa tumbo na utumbo mwembamba bila ya kufanya lolote la maana. Vikifika katika utumbo mpana, vijidudu vya kawaida viishivyo humo huvigeuza. Hapo ndipo kuta za utumbo huo zinapoanza kujikaza na kusukuma, na maji ambayo yangefyonzwa kurudi mwilini hubaki humo na kulainisha choo. Safari hiyo yote huchukua kiasi cha saa 6 hadi 12.

Bibi yangu mzaa mama hakusoma kemia, lakini sanamaki hakuitoa ila usiku baada ya sala ya Isha, ili mtu apate choo asubuhi. Aliichota kwa ncha za vidole vitatu, akaichemsha pamoja na shamari au kipande cha tangawizi ili kupunguza msokoto wa tumbo, kisha akaichuja kwa kitambaa. Hakumpa mtoto mdogo, hakumpa mja mzito, na mtu akishapata choo mkebe ulirudi rafuni. Alimwambia mgonjwa kwamba asishtuke akiona mkojo umegeuka rangi, kwani ni dawa. Yote hayo leo nayakuta katika vitabu vya matabibu. Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo marefu juu ya majani haya mwaka 1999, na sanamaki imo katika orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu. Basi asije mtu akaidharau kwa kuiita takataka ya kienyeji. Hospitali kubwa kubwa za ulimwengu huitumia, hasa kwa wagonjwa ambao dawa za maumivu makali zimewafunga choo.

Lakini maelezo hayo hayo yanaubomoa uongo wa chai ya kupunguza unene. Chakula tulacho, iwe ni biriani, mahamri au viazi vya karai, hufyonzwa kwa sehemu kubwa katika utumbo mwembamba. Sanamaki huanza kazi yake katika utumbo mpana, wakati mafuta na sukari vimekwisha kuingia mwilini. Kwa hiyo anayeharisha kwa chai hiyo kisha akapanda mizani na kuona uzito umeshuka, alichopoteza ni maji. Akinywa maji uzito hurudi. Huku ni kununua kiu kwa bei ya dawa.

MADHARA YAKE

Laiti hasara ingekuwa ya fedha peke yake. Mwenye kuharisha kila siku hupoteza pia chumvi na madini ya mwili, hasa potasiamu, ambayo misuli na moyo huihitaji ili ifanye kazi sawasawa. Mwenye kutumia dawa za moyo au dawa za kukojosha maji yumo katika hatari kubwa zaidi. Mwenye maumivu makali ya tumbo yasiyojulikana sababu, au aliyeziba utumbo, au mwenye kidole tumbo kilichovimba, akipewa sanamaki anaweza kuangamizwa na watu wanaompenda. Maelekezo ya kitabibu kwa mtu mzima ni miligramu 15 hadi 30 za sennosaidi kwa siku, usiku, tena kwa siku chache tu; ikipita wiki 1 yafaa mtu amwone daktari. Katika vipakiti vingi vya chai nilivyovishika, sikuona kipimo hicho kikitajwa.

Jirani yetu mmoja, binti aliyekuwa akikaribia kuolewa, alianza kunywa chai ya namna hii miezi miwili kabla ya arusi ili nguo imkae vizuri. Kila alipolalamika kwamba tumbo linamsokota, aliambiwa na waliomzunguka kwamba hizo ndizo sumu zinatoka. Siku chache kabla ya arusi miguu ilimlegea akaanguka, akapelekwa hospitali kutiwa maji. Alipona, alhamdulillahi, na arusi ikawa. Lakini mimi najiuliza: yule somo aliyekuwa akimfunda, na sisi majirani tuliokuwa tukimwona akikonda, tulikuwa tukimtayarisha kwa ajili ya nini? Zamani bibi arusi alilishwa vizuri, akasingwa kwa liwa, akatulizwa ndani. Leo huharishwa.

Na tusidhani kuwa haya ni ya kwetu peke yetu. Mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipotapakaa ulimwenguni, ulivuma uvumi huko Pakistan kwamba sanamaki inaponya maradhi hayo. Watu wakaikimbilia, bei ikapanda, na madaktari wa huko wakalazimika kuwaonya watu kwamba hapana ushahidi wa jambo hilo, na kwamba kuharisha humdhoofisha mgonjwa ambaye tayari ni dhaifu. Uvumi ule ulipata nguvu kwa kuvishwa kanzu ya dini. Hilo ndilo liniumizalo zaidi, kwani dawa ikishindwa kufanya kazi ambayo haikuwa yake, wapo wenye imani haba wataosema kwamba Mtume ndiye aliyekosea.

MAJANI YA NDUGUZE

Iko hatari nyingine isiyosemwa sana. Sanamaki ina nduguze wengi wenye maua ya manjano, na baadhi yao huota hapa hapa kwetu kando ya njia na nyuma ya nyumba. Mmoja wao ni mwingajini, ambao wengine huuita mnuka uvundo. Jina lake la kwanza ni kwa sababu wazee waliutumia kuwinga majini. Jina la pili utalijua mwenyewe ukiyafikicha majani yake. Mwingajini una majani makubwa kuliko ya sanamaki, na makaka yake ni marefu, membamba, si bapa kama ngozi. Katika nchi kadhaa za Afrika watu huzikaanga mbegu zake wakazifanya kahawa. Lakini mbegu hizo zikiliwa bila ya kukaangwa zina sumu. Mwaka 2007 madaktari wa Bara Hindi walitangaza kwamba maradhi yaliyokuwa yakiwaua watoto wadogo katika sehemu za magharibi za jimbo la Uttar Pradesh yalitokana na kula mbegu za mmea huu.

Hata katika biashara ya zamani ya Iskandaria, majani ya mmea mwingine uitwao hargal yalikuwa yakichanganywa na sanamaki. Kuchanganya, basi, si jambo jipya. Mnunuzi anayenunua majani mazima anaweza kuyatazama. Anayenunua unga, au kipakiti kilichofungwa, hununua imani.

LA KUFANYA

Sisemi sanamaki ipigwe marufuku. Kuipiga marufuku kungekuwa kuitupa mirathi kwa sababu ya makosa ya warithi. Ninayoyataka ni mambo machache yasiyo mazito.

La kwanza, wenye maduka ya viungo na dawa watuuzie majani mazima yanayotazamika, na wamwambie mnunuzi kiasi na muda kama walivyokuwa wakifanya mababa zao. Biashara ya dawa ni amana kabla ya kuwa faida. La pili, wenye kuuza chai hizi waandike wazi juu ya kipakiti kwamba ndani mna sanamaki, ni kiasi gani, na ni nani asiyefaa kuinywa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeitambua tiba ya asili katika nchi hii. Basi kutambuliwa kuende pamoja na kuwajibika.

La tatu, nawaomba maimamu wetu na masheikh wenye darasa za tiba. Wasomapo hadithi ya sana, wasiikomeshe kwenye sifa. Waeleze na kisa chake: kwamba ilikuwa ni nasaha ya upole kwa mtu mwenye haja. Na wasikubali jina la Mtume lifanywe tangazo la biashara nje ya milango ya misikiti yao.

La nne ni letu sote, hasa kina mama na masomo wanaowafunda mabinti. Tuulize wazee waliobaki namna walivyokuwa wakiitumia dawa hii, tuyaandike majibu yao, kisha tuyapime kwa elimu ya madaktari. Mimi nimeyapima ya bibi yangu na sikuona kubwa la kugombana. Kilichopotea kati yake na sisi ni kipimo, nacho hakiuzwi ndani ya kipakiti chochote.

Mwenye kufunga choo leo usiku na aichemshe sanamaki yake kwa bismillahi, kidogo, na kesho ashukuru. Mwenye kutaka kupunguza unene apunguze sahani na aende kwa miguu. Na mwenye kuumwa asijue aumwacho, aende hospitali kwanza. Waswahili husema dawa ya moto ni moto, lakini hapana Mswahili aliyesema kuwa dawa ya kila kitu ni kuharisha. Wabillahi taufiq.